Siku Tano za Alexa

Mara ya kwanza kukaa karibu na Alexa sikuwa mpigapicha. Nilikuwa mbeba betri.

Ilikuwa Mikumi mjini, mwaka 2022. Watu kutoka Dar es Salaam walikuja kupiga tangazo la biashara, wakahitaji kijana wa hapa anayejua pa kuegesha magari, pa kula, na nani wa kuombwa ruhusa kabla ya kusimamisha kamera kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Mimi nilikuwa najulikana kidogo kwa video za harusi, basi wakanichukua kwa shilingi 50,000 kwa siku. Kazi yangu hasa ilikuwa kubeba begi la betri na kusimama hatua tatu nyuma ya kamera. "Usiiguse," msaidizi wa kamera aliniambia, bila ukali, kama mtu anavyomwonya mtoto kuhusu jiko la mkaa.

Mchana wakampiga mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma. Alikuwa amekaa ndani ya kibanda cha turubai, kivulini, na nyuma yake barabara inawaka jua la saa saba. Kwa kamera yangu ya harusi, Canon ya zamani, ningejua la kufanya: ningemtoa nje. Kivulini angekuwa doa jeusi lenye meno, na kama ningefungua mwanga ili uso uonekane, barabara yote ingegeuka karatasi nyeupe. Wao hawakumtoa. Nikachungulia kwenye monita. Uso wake ulikuwepo wote: weusi wa paji, wekundu fulani chini ya macho, jasho juu ya mdomo. Nyuma yake lori likapita juani, nikaweza kusoma maandishi ya ubavuni.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimepiga harusi nyingi kufikia hapo, na katika nyingi kati ya hizo nilikuwa nimemwambia mpambaji, "Mwongezeni bibi harusi poda, hatoki vizuri." Nilisema hivyo kwa maharusi weusi kama mimi, kwa dada zangu, kwa wasichana niliosoma nao. Niliamini shida iko kwenye nyuso zao. Sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba shida ilikuwa mkononi mwangu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi ambazo mafundi walizipa jina la Shirley. Uso wake ukitoka sawa, mashine iko sawa. Inasimuliwa kwamba mwongozaji Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema imetengenezwa kwa ubaguzi. Na mwaka 2016 ilipotoka *Moonlight*, filamu ambayo karibu kila uso ndani yake ni mweusi na kila uso unaonekana ulivyo, niliyoitazama kwenye simu miaka miwili baadaye, kamera yake ilikuwa Alexa. Kwa hiyo nilipoanza kusema "nataka Alexa" halikuwa jambo la majivuno peke yake. Majivuno yalikuwepo, sikatai. Lakini nilitaka pia kuacha kuagiza poda.

Filamu niliyotaka kuitengeneza ilikuwa ya shangazi yangu. Shangazi anaishi Kilosa, na tangu nikiwa mtoto anauza chakula stesheni: mihogo, mayai ya kuchemsha, ndizi, chai ya tangawizi kwenye chupa. Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, inapita pale. Treni ya bara ikisimama, wauzaji wanaikimbilia na mabeseni kichwani, wanauza kupitia madirishani. Biashara yote inafanyika kati ya breki na honi.

Shangazi ameshawahi kuiona reli ikikatika. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilipoufurisha Mto Mkondoa, maji yalizoa nyumba za watu Kilosa na kung'oa reli kuelekea Gulwe, na safari za abiria kutoka Dar es Salaam zikasimama kwa miezi. Yeye anaiita miaka ile "mwaka wa kula mtaji." Lakini safari hii kilichokuwa kinakuja hakikuwa mafuriko. Ilikuwa reli ya kisasa, treni ya umeme, mahandaki yaliyotobolewa kwenye milima ileile aliyoizoea. Kila mtu Kilosa aliisubiri, na shangazi pia. Siku moja tu aliniuliza kitu ambacho sikukisahau: "Baba, ni kweli madirisha yake hayafunguki?"

Hayafunguki. Hapo ndipo nilipojua nina filamu, na kwamba ina tarehe ya mwisho ambayo hakuna mtu angenipa kwa maandishi.

Nikaandika kurasa nne na kuzituma huku na huku. Jibu la kwanza lilitoka kwa mtayarishaji mmoja wa Ulaya. Hapa lazima nieleze, kwa sababu ukitoka Mikumi kwenda Kilosa kwa barabara ya vumbi unapita kijiji kinachoitwa Ulaya, na rafiki zangu hawakuacha kunitania kwamba nimepata mfadhili wa kule karibu na Kilosa. Huyu alikuwa wa Ulaya ile nyingine. Aliipenda hadithi, alisema. Swali lake la pili lilikuwa: "Unapiga na kamera gani?"

Rafiki yangu mshika sauti, anayeishi Morogoro, aliliona swali lile kuwa la haki. "Watu wa matamasha wanapokea mamia ya filamu," aliniambia. "Wanaangalia dakika mbili. Dakika mbili hizo zikionekana kama harusi, shangazi yako hawatamfikia." Sikuwa na jibu. Alikuwa anasema kwa sauti kile nilichokuwa najiambia usiku.

Basi nikaenda Dar es Salaam na kuuliza bei. ARRI ni kampuni ya Munich, ya tangu mwaka 1917; Alexa yao ya kwanza ilitoka mwaka 2010, na Alexa Mini, ndogo ya kutosha kubebwa mkononi, mwaka 2015. Kununua mpya ni makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa kukodisha. Niliambiwa 1,800,000 kwa siku pamoja na lenzi, kamera isafiri na mtu wao, na niweke dhamana. Walinihudumia vizuri, wakanipa na soda. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za jengo, nikapiga hesabu kwenye simu. Akiba yangu ya miaka mitatu ya harusi na mahafali ilikuwa 6,400,000. Nikikopa kidogo ningefika milioni 9. Milioni 9 gawanya kwa 1,800,000.

Siku tano.

Niliziwaza siku zile tano kwa wiki nzima. Nilizipanga kwenye daftari kama mtu anayepanga mahari: siku ya kwanza stesheni, siku ya pili nyumbani kwa shangazi, siku ya tatu mtoni. Kisha nikakumbuka kwamba treni haiji kila siku. Wakati ule treni ya abiria kwenda bara ilipita siku kadhaa tu kwa wiki, mara nyingi usiku wa manane, na ikichelewa, alfajiri. Katika siku tano mfululizo ningepata treni mbili. Pengine tatu, kama Mungu angependa na injini isiharibike njiani. Na mtu anayelipa 1,800,000 kwa siku hawezi kumwacha shangazi yake akae kimya dakika kumi akimenya mihogo. Angemwambia, "Shangazi, hebu sema kitu."

Na kulikuwa na suala la giza. Stesheni usiku ina taa chache. Wauzaji wanatumia tochi za simu na vitaa vya sola. Alexa Mini iko kwenye utulivu wake ikiwa ISO 800. Unaweza kuipandisha hadi 3200, lakini chenga zinaanza kujaa kwenye weusi, na weusi ndio ulikuwa uso wa shangazi. Ili kuilisha kamera ile mwanga inaoutaka ningehitaji taa, jenereta, watu wa kushika taa. Taa zikiwaka stesheni ya Kilosa saa tisa usiku, wauzaji wote wangesimama wakaangalia. Mimi mwenyewe ningesimama.

Nikaanza kusoma kuhusu kamera kama mgonjwa anavyosoma kuhusu ugonjwa wake. RED Komodo, iliyotoka mwaka 2020 kwa bei ya dola kama 6,000, ilinivutia kwa sababu moja ya kijinga na ya kweli: inaisoma picha yote kwa mkupuo mmoja. Kamera nyingi za bei ya chini zinasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na treni ikipita kwa kasi mbele yake mabehewa yanaonekana yameinama kama yamelewa. Komodo ingenipa treni iliyosimama wima. Lakini gizani haikuwa inayonifaa. Blackmagic Pocket ilikuwa rahisi kuliko zote na picha yake nzuri mno kwa bei ile, ila inakula betri moja kabla hata saa haijaisha, na stesheni usiku hakuna pa kuchomeka chaja.

Iliyobaki ilikuwa Sony FX3, ya mwaka 2021. Ni ndogo, haina hata kioo cha ndani cha kupunguza mwanga wa jua, na ukiishika watu wanadhani unapiga picha za pasipoti. Lakini kihisi chake kina viwango viwili vya utulivu: 800 na 12,800. Kutoka kimoja hadi kingine ni mara 16, yaani stopu nne za mwanga, kwa kuwa kila stopu ni kuzidisha mara mbili. Kwa kamera hiyo tochi ya simu ni taa ya kutosha. Mwaka 2023 ilipotoka *The Creator*, filamu ya Hollywood iliyogharimu dola milioni 80, tukasikia kwamba imepigwa kwa FX3. Rafiki yangu mshika sauti akanyamaza siku mbili, kisha akanitumia ujumbe: "Wao wana taa, lakini."

Kulikuwa na kichekesho kingine. Netflix wana orodha ya kamera wanazozikubali kwa filamu zao wenyewe, na wanataka 4K ya kweli. Alexa Mini, malkia wangu wa Mikumi, haimo, kwa sababu kihisi chake hakifiki 4K. FX3 imo. Wala sikuwa na filamu ya Netflix. Nilikuwa na filamu ya shangazi. Lakini ukiwa unatafuta ruhusa ya kuchagua kitu cha bei nafuu, unaipokea popote inapotoka.

Na data. Alexa Mini ikirekodi picha ghafi inajaza karibu terabaiti moja kwa saa. FX3 kwa 4K inajaza kama gigabaiti 112. Tofauti hiyo, kwa mtu anayenakili kwenye kompyuta ya zamani Kilosa huku akisikiliza kama umeme utakatika, si tofauti ya kiufundi. Ni tofauti ya kulala au kutolala.

Katika kusoma huko nilikutana na watu wengine waliowahi kupiga hesabu kama zangu katika nchi hii, muda mrefu kabla yangu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri, Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za kuelimisha Waafrika. Fundi wake mkuu alikuwa Meja Notcutt. Filamu za mm 35, ambazo ndizo zilikuwa za sinema hasa, zilikuwa ghali. Wakachagua mm 16, na sauti wakaiweka kwenye sahani za santuri ili waweze kubadilisha lugha kulingana na mahali. Wakatengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa lori. Nilivutiwa na ujanja wao wa kubana matumizi, kisha nikakasirika. Walikuwa wanazungumza na watu kama bibi wa shangazi yangu kuhusu kodi na akiba ya posta. Swali la kamera walilijibu vizuri kabisa. Swali la kwa nini unamwelekezea mtu kamera, hilo walikuwa wamelijibu kabla hawajafika.

Lilibaki suala la fedha. Mama yangu yuko kwenye kikoba hapa Mikumi, wanawake ishirini na kitu wanaokutana kila Jumatano, wanaweka hisa, wanatozana faini kwa kuchelewa. Kwa hisa zake aliweza kukopa milioni 3 kwa miezi sita, riba asilimia 10, wadhamini wawili: mmoja anauza vitenge, mwingine mama lishe. Yaani 550,000 kila mwezi, na nikishindwa mimi wanalipa hao. Siku ya kwenda kuonana na viongozi mama alinipa maelekezo njiani. "Wakikuuliza ni ya nini, sema mtaji. Usiseme filamu."

Mwekahazina akaniuliza ni ya nini.

"Mtaji," nikasema.

"Wa biashara gani?"

Mama akatazama chini. Nikasema kamera. Mwekahazina akaandika kwenye daftari, neno kwa neno, *kamera ya biashara*, na kunitaka nisaini. Sikuwa nimewahi kusikia filamu yangu ikielezwa kwa usahihi kiasi hicho.

Nilinunua FX3 iliyotumika kwa 7,500,000, lenzi moja ya mm 35 iliyotumika kwa 1,100,000, na diski mbili za kuhifadhia kwa 400,000. Jumla, milioni 9. Bei ya siku tano. Nilizobaki nazo, 400,000, zilikuwa za nauli na chakula.

Ndani ya miezi saba nilikwenda stesheni ya Kilosa usiku mara 23. Treni ilikuja mara 14. Usiku mwingine tulikaa na wauzaji hadi jua linachomoza, mayai yamepoa, na shangazi akanipa mihogo iliyobaki nirudi nayo Mikumi, kwa hiyo nikawa nalipwa na mtu niliyekuja kumpiga picha. Katikati ya wiki nilipiga harusi kwa kamera ileile ili nilipe kikoba. Sikumwagiza mtu poda. Bibi harusi mmoja alinipigia simu baada ya kuona video, nikadhani ni malalamiko. Akasema, "Nimejiona."

Treni ya tisa ndiyo niliyokuja kuifuata. Ilikuwa kama saa tisa na nusu usiku, mvua imekatika muda si mrefu, behewa la daraja la tatu limesimama mbele yetu. Shangazi ana miaka 60 na zaidi. Alikuwa amempa abiria mayai manne na chai, abiria akatoa noti ya elfu tano, na treni ikapiga honi. Akaweka chupa chini, akaanza kuhesabu chenji huku behewa linasogea. Akatembea. Kisha akakimbia. Abiria mwingine akawasha tochi ya simu ili amwangazie, na kwa sekunde kama tano uso wa shangazi ulikuwa umeangazwa na mwanga huo tu, mkono umenyooshwa juu, beseni kichwani halitingishiki. Nilikuwa nakimbia naye. Hakuna mtu wa kampuni aliyekuwa nyuma yangu. Mabehewa kwenye picha yameinama kidogo, kama nilivyoonywa. Weusi wa uso wake umetulia.

Kwa siku tano za Alexa nisingekuwa pale. Hilo nina uhakika nalo, na kwa muda nililichukua kama jibu la swali zima.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Juni. Shangazi alikuwa amekaa ndani, karibu na mlango, anaongea kuhusu mama yake aliyemfundisha kuuza. Hakuwa amewahi kunisimulia. Chumba kina giza. Mlango uko wazi nyuma yake, na nje ni uwanja uliofagiliwa, jua la saa nne. Nikafungua mwanga kwa ajili ya uso wake. Katikati ya maneno yake, mjukuu wake wa miaka tisa akatokea uwanjani na beseni tupu kichwani, akaanza kutembea kando ya reli aliyoichora yeye mwenyewe kwa kijiti, anaita, "Chai, chai ya moto!" Anamwigiza bibi yake, hadi ule mkono wa kiunoni. Shangazi hakugeuka. Aliendelea kusema. Picha ile ilikuwa filamu nzima ndani ya fremu moja, na nilijua tangu ikiwa inarekodi kwamba siipati. Mlango ulikuwa umeungua. Mtoto anaingia kwenye weupe, anakuwa kivuli chembamba, anapotea.

Makaratasi ya Sony yanasema FX3 ina zaidi ya stopu 15. Ya ARRI yanasema Alexa Mini ina zaidi ya 14. Ukiyasoma makaratasi utadhani nilikuwa na kamera bora. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama muuza mahindi wa Mikumi na begi la betri begani, na ninajua namna Alexa inavyoutua mwanga mkali, taratibu, bila kuuvunja. Ingewashika wote wawili. Nilijaribu kila nilichojua kwenye kompyuta. Katika weupe ule hakuna kitu kilichojificha. Data haipo.

Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana anayeniuliza kwamba kamera si muhimu. Wanaosema hivyo mara nyingi wana mbili. Kamera yangu ilinipa usiku 23 na ikaninyima mtoto mmoja mlangoni. Nilichagua, na chaguo lilikuwa na bei zaidi ya ile niliyoihesabu kwenye ngazi za jengo.

Mkopo niliumaliza mwezi wa sita kama ulivyopangwa, kwa harusi saba na mahafali mawili. Mwishoni mwa Julai 2024 treni za umeme zilianza kuwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, zikipita Kilosa. Nilipanda mara moja. Ni safi, ina haraka, na nilifika bila kuchoka. Dirishani niliona taa za mji, kisha handaki. Treni ya zamani nayo bado inapita, na shangazi bado anaikimbilia, ingawa siku hizi anauza zaidi stendi ya mabasi. Mtayarishaji wa Ulaya bado tunaandikiana. Kwenye fomu zake kuna mstari wa kamera, na kila ninapoujaza mkono unasita kidogo.

Mwaka huo wa treni, mwezi wa tisa, nilimpelekea shangazi kile nilichokuwa nimekiunganisha, dakika 40 hivi. Tulitazama kwenye kompyuta juu ya kigoda, yeye, mjukuu, na majirani wawili. Ulipofika mlango uliochomeka nikaanza kujitetea kabla mtu hajasema. "Hapa, shangazi, mwanga ulizidi, kamera yangu haikuweza..."

"Si huyu hapa," akasema, akimnyoshea kidole mtu ambaye mimi simwoni. "Anatembea kama mimi." Mtoto akaficha uso kwa aibu.

Ikaja treni ya tisa. Akajitazama anakimbia, beseni kichwani, mkono juu. Majirani wakapiga vigelegele. Yeye hakucheka. Akasogea karibu na kioo.

"Rudisha nyuma, baba."

Nikarudisha. Akatazama tena, mdomo unasogea, anahesabu.

"Tena."

Nikarudisha tena. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba kwenye ile tochi ya simu noti zinajulikana moja moja, na sarafu ya mwisho inaonekana ikiwa bado kati ya vidole vyake behewa linapoondoka.

"Unaona?" akasema. "Mia tano yake nilibaki nayo." Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kujua, kwa kamera yangu hiyo, yule abiria alikuwa anateremkia wapi.